Wakanamungu na Ukristo: Ni hasira au ni hoja?

LIPO jibu moja jepesi ambalo watu wa dini hupenda kulitoa kila anapotajwa mkanamungu, yaani mtu anayesema kuwa hakuna Mungu. Jibu lenyewe ni hili: "Huyo ana hasira zake tu." Wahubiri wa Kikristo hulitoa juu ya watu waliotoka makanisani mwao. Sisi Waislamu nasi tuna namna yetu. Tukisikia kuwa msomi fulani wa Ulaya au Marekani ameandika kitabu cha kuukosoa Ukristo, tunafurahi na kukinukuu katika mihadhara. Tukija kugundua kuwa msomi huyo huyo hamuamini Mwenyezi Mungu kabisa, tunageuka na kusema: ana hasira huyo, au amefuata matamanio ya nafsi yake.

Ndugu msomaji, katika makala haya napenda tulitazame jibu hilo kwa utulivu. Je, ni kweli kwamba wanaoukataa Ukristo na kuishia kumkana Mungu wanasukumwa na hasira? Na hata kama ni kweli, je, kumwambia mtu kuwa amekasirika ndiyo kumjibu?

Nalizungumzia jambo hili kwa sababu mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na wanafunzi wangu ni vijana wa mjini. Zamani hoja za wakanamungu zilikaa katika maktaba za vyuo vikuu. Leo kijana anazipata kwenye simu akiwa ndani ya daladala, na akifika darasani anauliza. Wala tusidhani kuwa haya ni mambo ya Ulaya tu. Kwa jirani zetu Kenya, nchi yenye Wakristo wengi, chama cha wakanamungu kilisajiliwa mwaka 2016, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 700,000 waliojitaja kuwa hawana dini.

Hasira ipo, lakini juu ya nini?

Uadilifu unatutaka tuanze kwa kukubali kilicho kweli. Hasira ipo, na ina historia ndefu. Jean Meslier alikuwa padri Mkatoliki katika kijiji cha Étrépigny, kaskazini mwa Ufaransa. Kwa takriban miaka 40 aliwaongozea watu ibada, akawabatizia watoto na kuwazikia maiti. Alipofariki mwaka 1729 yalikutwa maandishi marefu aliyokuwa ameyaficha, ambamo alieleza kuwa haamini chochote katika yale aliyokuwa akiyahubiri. Maandishi hayo yamejaa ghadhabu dhidi ya wafalme, mabwana wa ardhi na viongozi wa kanisa, ambao aliwaona wakishirikiana kumkamua mkulima maskini kwa jina la Mungu.

Katika karne hii nako hasira imeonekana. Sam Harris, Mmarekani, alianza kuandika kitabu chake kilichotoka mwaka 2004 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Richard Dawkins wa Uingereza alitoa chake mwaka 2006, na Christopher Hitchens akafuatia mwaka 2007. Hitchens, aliyefariki mwaka 2011, hakuwahi kuificha ghadhabu yake. Kisha mwaka 2012 mwandishi mwingine wa Marekani, Greta Christina, akaandika kitabu kizima juu ya swali hili hili la kwa nini wakanamungu wamekasirika. Jibu lake kwa ufupi ni kuwa hawamkasirikii Mungu, kwani hawaamini kuwa yupo. Wanakasirishwa na madhara ambayo binadamu wanawatendea binadamu wenzao kwa kisingizio cha dini.

Tuchukue mfano wa Ireland, nchi iliyosifika kwa Ukatoliki wake. Mwezi Mei 2009 ilitolewa ripoti ya tume iliyochunguza maisha ya watoto katika shule na vituo vilivyoendeshwa na mashirika ya kidini ya Kikatoliki. Ripoti ilionyesha kuwa kwa miongo mingi watoto walipigwa, wakadhalilishwa na wengine kuingiliwa kimwili, na wakubwa waliokuwa wakijua wakanyamaza. Sensa ya nchi hiyo ya mwaka 2016 ilionyesha kuwa Wakatoliki ni asilimia 79. Sensa ya mwaka 2022 ikaonyesha wameshuka hadi asilimia 69, na wasiokuwa na dini wamefika asilimia 14. Sisemi kuwa kila aliyeondoka aliondoka kwa ajili ya ripoti ile. Lakini mtu aliyeteswa akiwa mtoto na mtu aliyevaa msalaba, halafu akakua na kuukataa msalaba, kumwambia "wewe una hasira tu" ni kumtesa mara ya pili. Hasira yake ni ya haki. Angekosa kukasirika ndipo tungemshangaa.

Ipo na hasira ya aina nyingine, nayo ni ya huzuni. C. S. Lewis, mwandishi mzaliwa wa Belfast, alifiwa na mama yake mwaka 1908 kabla hajatimiza miaka 10. Akakua akawa mkanamungu, kisha ukubwani akarudi na kuwa mmoja wa watetezi mashuhuri wa Ukristo. Katika kumbukumbu za maisha yake alizozichapisha mwaka 1955 alieleza kuwa katika miaka ile ya kukana alikuwa akishikilia kuwa Mungu hayupo, na wakati huo huo akimkasirikia kwa kutokuwepo kwake. Basi wapo walio hivyo, na mmoja wao ameungama kwa kalamu yake mwenyewe.

Hata hivyo hasira ya namna hii haiwahusu wakanamungu peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Julie Exline na wenzake wa Marekani ulionyesha kuwa waumini wengi nao wamewahi kumkasirikia Mungu, hasa wakati wa msiba au maradhi. Nasi tunaozika kila wiki hatuhitaji kuambiwa. Mama aliyepoteza mwana hulia na kuuliza "kwa nini mimi?", na jioni yake akatandika msala akaswali. Ikiwa hasira ndiyo inayozaa ukanamungu, mama huyu angekuwa wa kwanza kukana.

Waliokana bila hasira

Sasa tuwatazame wengine. Charles Darwin alisoma Cambridge akitarajia kuwa mchungaji wa Kianglikana. Mwaka 1851 alifiwa na binti yake Annie akiwa na umri wa miaka 10, na wapo wanaosema kuwa hapo ndipo imani yake ilipozikwa. Lakini yeye mwenyewe, katika kumbukumbu zake, alieleza kuwa kutoamini kulimjia polepole sana, kiasi kwamba hakuhisi dhiki yoyote. Fundisho moja alilolikataa kwa maneno makali ni lile la adhabu ya milele kwa wasioamini, kwa kuwa lilimhukumu baba yake, kaka yake na karibu marafiki zake wote wa dhati. Mkewe, Emma, aliomba maneno hayo yaondolewe, na kitabu kilipotoka mwaka 1887, miaka mitano baada ya kifo chake, hayakuwemo. Yalirudishwa mwaka 1958. Ikumbukwe pia kuwa Darwin hakujiita mkanamungu. Alisema tu kuwa hajui.

Machi 6, 1927, Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, alitoa mhadhara katika ukumbi wa Battersea jijini London kueleza kwa nini yeye si Mkristo. Hakupiga kelele. Alizipanga hoja moja moja kama mwalimu wa hesabu. Alisema, kwa mfano, kuwa ikiwa kila kitu lazima kiwe na sababu, basi na Mungu lazima awe na sababu. Na ikiwa kinaweza kuwepo kitu kisichokuwa na sababu, kwa nini kisiwe ulimwengu wenyewe? Ukimjibu Russell kwa kumwambia ana hasira, hoja yake inabaki mezani pale pale ulipoikuta.

Lakini hapa kuna jambo la kuvutia. Katika mhadhara huo huo Russell naye alisema kuwa dini imejengwa kwanza kabisa juu ya hofu. Mwaka huo huo wa 1927 Sigmund Freud alichapisha kitabu akidai kuwa dini ni matamanio ya binadamu anayemtaka baba wa kumlinda. Waona sasa? Muumini anamwambia mkanamungu: unakana kwa sababu umekasirika. Mkanamungu anamwambia muumini: unaamini kwa sababu unaogopa. Wote wawili wameacha kuzungumzia kama Mungu yupo au hayupo, wamebaki kupimana mioyo. Hoja ya aina hii ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hatuwezi kuitumia kwa wenzetu kisha tukalalamika ikitumika kwetu.

Tena tujiulize sisi wenyewe. Waislamu wanaposimama kupinga dhuluma wanayotendewa ndugu zao, huwa wametulia? Wanakasirika. Je, tungekubali mtu atuambie kuwa kwa vile tumekasirika basi madai yetu hayana msingi? Hata kidogo. Tungemwambia: sikiliza tunachokisema, chunguza kama ni kweli, hasira yetu tuachie wenyewe. Katika Suratul Maida, aya ya 8, Mwenyezi Mungu (s.w) ametuonya kuwa kuwachukia watu kusitufanye tukaacha kuwafanyia uadilifu. Uadilifu huo unaingia katika mali na ushahidi, na unaingia pia katika kusikiliza hoja ya mtu.

Furaha yetu isiyo na hesabu

Nirudi kwenye lile la kunukuu vitabu katika mihadhara. Bart Ehrman ni msomi wa Agano Jipya aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Marekani. Ujanani alikuwa mlokole wa kweli kweli, akasoma katika chuo cha Biblia cha Moody, Chicago. Mwaka 2005 alitoa kitabu kinachoeleza namna wanakili wa kale walivyobadilisha maneno katika nakala za Agano Jipya. Kwa watu wetu wa mijadala ya dini kitabu hicho kimekuwa kama silaha mpya.

Lakini Ehrman mwenyewe amesema wazi, katika kitabu chake cha mwaka 2008, kuwa kilichomtoa katika imani hakikuwa mabadiliko ya maandiko. Kilichomtoa ni mateso. Alishindwa kuoanisha njaa, vita na vifo vya watoto wachanga na Mungu mwenye uwezo wote na mwenye huruma. Basi anayemnukuu Ehrman wa 2005 akamficha Ehrman wa 2008 amemkata mtu vipande viwili. Swali la kitabu cha kwanza linaelekezwa kwa kanisa. Swali la kitabu cha pili linaelekezwa kwa kila anayemuamini Mungu, awe kanisani au msikitini.

Kwa hiyo tunapotazama sababu za wakanamungu kuukataa Ukristo, inafaa tuzitenge katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mambo ya Ukristo wenyewe: Utatu, dhambi ya asili, na itikadi kuwa mmoja alikufa kulipia dhambi za wengine. Humo Muislamu na mkanamungu wanaweza kukutana katika neno "hapana", ingawa kila mmoja anatoka njia yake. Sisi tunafundisha kuwa kila nafsi itaulizwa kwa iliyoyatenda yenyewe, na kwamba Nabii Isa (a.s) ni mja wa Mungu na Mtume wake.

Fungu la pili ni letu sote. Humo yamo mateso ya wasio na hatia, adhabu ya Jahanamu, swali la Russell kuhusu chanzo cha vyote, na matendo mabaya ya watu wa dini. Fungu hili ndilo zito, na ndilo linalowatoa wengi.

Novemba 1, 1755, tetemeko kubwa lilipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Ilikuwa asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote na makanisa yalijaa waumini. Maelfu walikufa, wengi wao chini ya paa za nyumba za ibada. Voltaire wa Ufaransa, ambaye hakuwa mkanamungu, alitunga shairi la kuwauliza wanaosema kuwa kila kitu duniani ni chema. Ulaya iliyumba kwa swali lile. Muislamu wa leo asiseme kuwa hilo ni la Wareno. Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yalipiga Aceh, nchi ya Waislamu. Nchini Indonesia peke yake watu zaidi ya 160,000 walikufa au kupotea, na mawimbi yale yale yakaua watu hadi Somalia na pwani ya Tanzania. Mjini Banda Aceh, msikiti mkubwa wa Baiturrahman ulibaki umesimama, na wengi tuliisambaza picha yake kwa furaha. Mwanafunzi wangu mmoja aliitazama picha hiyo akauliza: "Ustadhi, na watoto waliokuwa nje ya msikiti je?"

Kijana yule hakuwa amekasirika, wala hakuwa na nia ya kukufuru. Aliuliza kwa sababu tulimfundisha kuwa Allah ni Mwingi wa Rehema, naye alilichukua fundisho hilo kwa uzito kuliko sisi tuliomfundisha. Nilimjibu kwa kadiri ya elimu yangu: kwamba dunia kwetu ni nyumba ya mtihani na si nyumba ya malipo, kwamba aliyekufa mtoto yuko katika rehema ya Mola wake, na kwamba mizani yote haijafungwa bado. Hayo ndiyo ninayoyaamini. Lakini nilimwambia pia kuwa ni haki yake kuuliza, na kwamba jibu hilo haliondoi uchungu wa aliyezika watoto wake.

Waliotutangulia walijibu vipi?

Inasimuliwa kuwa Imam Abu Hanifa (r.a) aliahidiana na watu waliomkana Muumba kwenda kujadiliana nao, akachelewa makusudi. Walipomuuliza sababu, akawaambia kuwa hakupata chombo cha kuvukia mto, mpaka alipoona mbao zikijikata, zikajiunga zenyewe, zikawa jahazi likamvusha. Wakasema huo ni wendawazimu. Naye akawauliza: vipi basi ulimwengu huu wote? Kuna leo wasiokinaishwa na mfano huo, kwa sababu wamesoma Darwin na wanasema viumbe hujengeka polepole bila seremala. Kwa hiyo mwalimu wa leo anahitaji kusoma zaidi ya kukariri kisa. Ninachokitaka katika kisa hiki ni mwenendo wa Imam. Aliisikia hoja, akaijibu kwa hoja. Hakuwauliza ni nani aliyewaudhi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika kitabu chake cha Al-Munqidh kuwa yeye mwenyewe alipitia kipindi cha miezi karibu miwili akiwa na shaka juu ya hata yale anayoyaona na kuyafikiri, hadi Allah alipomtilia nuru moyoni. Huyu ndiye tunayemwita Hujjatul Islam. Nabii Ibrahim (a.s) alimuomba Mola wake amuonyeshe namna anavyohuisha wafu ili moyo wake utulie, na hakukemewa. Nabii Musa na Harun (a.s) waliamrishwa wakamwambie Firauni maneno laini, Firauni aliyekuwa akiwachinja watoto. Sasa mtoto wa madrasa anayeuliza "nani aliyemuumba Mungu?" akajibiwa kwa kiboko, amekosa nini ambacho Firauni hakukosa zaidi? Kiboko kile kinamnyamazisha leo. Kesho akiwa mtu mzima atakumbuka mambo mawili: kuwa swali lake halikujibiwa, na kuwa alipigwa. Hapo ndipo hoja na hasira zinapofungwa fundo moja, na mfungaji ni sisi.

Nina swali nami kwa mkanamungu, na namuuliza kwa heshima. Unapokasirika kwa ajili ya mtoto wa Ireland aliyeteswa, unadai haki. Haki hiyo umeitoa wapi, ikiwa ulimwengu haukukusudiwa na mtu ni mkusanyiko wa chembe tu? Najua jibu ambalo Darwin alilitoa katika kitabu chake cha mwaka 1871, kuwa hisia ya wema ilikua ndani ya viumbe wanaoishi pamoja na kutegemeana. Jibu hilo linaeleza namna tulivyopata kuhisi huruma. Halielezi kwa nini niifuate huruma hiyo siku inaponigharimu na hakuna anayeniona. Mimi katika hasira yako naiona fitra, ile alama ambayo Muumba ameitia katika kila nafsi. Wewe unaweza kuiona vingine, na hapo mjadala wetu utaendelea. Lakini tutakuwa tunajadili jambo lenyewe.

Ndugu zangu Waislamu, tusishangilie makanisa ya Ulaya yanapogeuzwa kumbi za starehe. Uingereza na Wales, sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa Wakristo wamebaki asilimia 46, na asilimia 37 walisema hawana dini. Wengi wa hao hawakuja msikitini. Wamekaa nyumbani na maswali yao, na maswali hayo hayaulizi mtu ni wa dhehebu gani kabla ya kumwingia. Anayekuja kwetu amekasirika, tumuulize amedhulumiwa na nani, na tumsaidie kupata haki yake. Anayekuja na hoja, tumjibu hoja yake. Na anayekuja na vyote viwili, ambaye ndiye wa kawaida, tusikitumie kimoja kukwepa kingine.

Wallahu a'lam.